Sauti Yote Inaendaka ku Kanape ya Bageni

Miye sikuingia mu masomo. Masomo yangu ilikuwa mu soko ya Likasi, nyuma ya fungu ya ndagala, samaki ndogo ndogo ya kukauka, na pale hakuna mwalimu mwenye huruma. Muntu anakuya, anasifu ndagala yako, anasifu kitambaa yako ya kichwa, anasifu mpaka nkambo yako mwenye alikufaka zamani, na wakati anasifu, mukono yake ingine inaongeza ndagala mu kikapo. Njo maana miye siangaliake kinywa ya muntu. Naangaliaka mikono. Na hii habari ya ampli, mashini ya kukuza sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho, ni habari ya mikono.

Ampli ilifika kwetu juu ya pushi-pushi, kigari ya kusukuma na mikono. Bwana yangu anatumika ku usine, mu kiwanda, ku mashini ya kusaga majiwe. Muchina mumoja wa kule alikuwa anarudia kwabo, akamuachia ile ampli na bintu yake yote. Nyeusi, nzito! Banaume bane baliibeba kuiingiza mu nyumba, na wa tano alikuwa anabalilia mbele. Ilikuwa na bafle tano, visanduku ya kutosha sauti, na juu ya ile, kisanduku moja kubwa ya sauti ya chini, ile sauti ya tumbo. Siku ya kwanza kisanduku ile ilisema, masufuria yangu ilitoka mu jikoni yenyewe ikakuya kuangalia nani anaita. Kuku ya jirani ilitaga yai yenye imekwisha kuiva.

Bantu ya kartier, ya mtaa yetu, balianza mara moja. Kintu ya Muchina, ya bure, nzito vile? Ndani muko majiwe ya Shinkolobwe, kule banachimbaka uranium. Mutalala nayo mu salon, kisha mutaanza kung’aa kama ampoule. Miye nikabajibu: vizuri. Courant, umeme, inatoka pale karibu, ku barrage ya Koni, inapita juu ya vichwa yetu inaenda kwa bengine. Kama tutang’aa siye benyewe, si njo tutapata mwangaza?

Nilikuwa nacheka, lakini miye pia sikuitumaini. Niliizunguka kama muntu anazunguka mbuzi ya kuuzishwa. Nyuma iko na matundu mingi kupita chujio, na kila tundu na rangi yake, nyekundu, nyeupe, njano, na kila rangi na kamba yake. Nikamuambia bwana yangu, kintu yenye iko na mikia mingi vile haiwezi kuwa na roho muzuri.

“Mama, weka akili hapa,” akaniambia. “Hii kadogo njo unafinya kwanza. Taa ikiwa nyekundu, inalala. Ikiwa bluu, imeamuka.”

“Sawa weye asubuhi.”

“Sikia basi! Hii kubwa ya kuume njo sauti. Unazungusha polepole, usifanye kama unakamua nguo. Ile ya kushoto inachagua sauti itoke wapi: ku tele ya kuangalia, ku radio, ku disque, ku telefone.”

“Na hii ya ku telekomande, hii ya mukononi?”

“Ile inakata sauti. Unafinya mara moja, kila kintu inanyamaza.”

“Inatumika ku yaya yangu pia?”

Alicheka mpaka akakaa chini. Yaya yangu, dada yangu muzaliwa wa kwanza kwetu, anasali mu kanisa ya maombi, siye tuko bakatoliki. Akianza kusema, ata courant ikienda yeye anaendelea.

Basi nikajifunza. Sijue kusoma, lakini namba najua, juu ndagala haiuzishwe bila namba. Nikajiwekea sheria: mbele ya kuzima, narudisha sauti chini ku kumi na mbili, kisha naiacha ku radio, juu saa natoka soko nataka kusikia matangazo ya bantu benye balikufa. Ile ndiyo alama yangu. Kumi na mbili, radio, taa nyekundu. Naenda soko na roho iko baridi. Batoto yetu ni bakubwa, bamoja biko Kolwezi, bengine Lubumbashi. Mu nyumba mchana hamuna muntu, ila bwana yangu kama iko ku zamu ya usiku: anarudia asubuhi, anapumuzika, miye nikirudia anakuwa amekwisha kutoka.

Siku moja narudia, natosha viatu, nafinya kadogo. Taa bluu. Aye mama! Nyumba iliruka. Naapa, mabati ilipanda ikashuka. Kalendari ya parokia ilianguka, mutakatifu akaangukia uso. Nikakamata ile buton kubwa na mikono mbili, nikairudisha nyuma kama dreva mwenye ameona ng’ombe mu barabara. Naangalia namba: arobaini na kitu! Na haikukuwa ku radio, ilikuwa ku tele. Kisha nikasikia kintu ingine mubaya zaidi. Sauti haikukuwa inatoka ku bafle yote. Ilikuwa inatoka upande ya kuume tu. Kushoto, kimya, sawa kaburi.

Sasa sharti mujue salon yetu, chumba ya kukaa na bageni. Tele iko ku ukuta ya mbele. Fotey, kiti laini ya bwana yangu, iko katikati, na kitambaa yangu ya kushona na sindano juu yake, hakuna mwingine mwenye anakaaka pale, ata bishop akikuya atasimama. Fotey yangu iko kushoto yake. Na kuume iko kanape, kiti ndefu ya bageni. Kwangu, kushoto, sauti hapana. Sauti yote inaenda ku kanape ya bageni.

Nikasimama katikati ya salon na jasho. Nikajiuliza: nani njo alikuwa amekaa pale, mpaka anapewa sauti yote?

Sikutaka kufanya haraka. Muntu wa soko anapima mara mbili. Nikasema pengine ni courant, juu courant yetu ikienda na ikirudia inarudiaka na hasira. Nikaweka alama yangu, nikatosha kamba mu ukuta, nikakunywa chai, nikarudisha kamba. Kumi na mbili, radio, bafle yote inaimba. Nikarudilia tena. Ile ile. Basi. Courant inauaka ampoule, inauaka frigo, lakini haina vidole. Haikamate buton ikaizungusha.

Kutoka ile siku, kila mara bwana yangu iko ku zamu ya usiku, mchana ampli inabadilika. Sauti juu, na yote kuume. Na wakati muntu ameanza kuona kintu moja, anaona ingine kumi. Nikakumbuka kama mu masiku ile, mezani, namuambia kintu, hajibu. Anaangalia bukari, ugali yake, sawa iko na tele ndani. Namuita mara ya pili, hajibu. Mara ya tatu anageuka: “Ee? Ulisema?” Nikasema mu roho: huyu, akili yake iko na bibi fulani, miye nimekuwa radio ya jirani. Na mu barabara! Myaka yote tunaenda misa, yeye kuume, miye kushoto. Sasa anazunguka, anahamia kushoto yangu. Nikirudia kushoto, anazunguka tena. Tulikuwa tunazungukana mpaka bantu balizania tunacheza. Upande ya kuume ya barabara iko nyumba ya mama moja anauzishaka pombe, mama wa mwili ya kutosha. Nikasema ndiyo, ananitia katikati sawa ukuta, yule mama asimuone na bibi.

Nikaenda kwa yaya yangu.

“Ni deuxième bureau,” akasema, ata mbele sijamaliza. Deuxième bureau kwetu njo bibi wa pembeni, mwenye bwana anafichaka. “Na ameingia mpaka mu salon. Akiingia mu salon, bado jikoni tu.”

“Yaya, pengine ni kintu ingine.”

“Kintu ingine gani? Ni roho wa Muchina? Vizuri, tutatosha yote mbili mara moja.”

Akakuya na chupa ya mafuta ya maombi. Nikamuambia apake kidogo tu juu. Yeye, kidogo hajue. Akamwanga mu matundu ya juu, kwenye ampli inapumulia, akaiwekea mikono, akaanza: “Toka! Toka ku hii chuma! Rudia Beijing!” Nilipofinya kadogo, moshi ikatoka na harufu ya mikate ya kukaanga. Majirani baliuliza tunauzisha ngapi. Lakini pepo haikutoka, na kesho yake sauti ilikuwa tena kuume.

Yaya akasema sasa ni kazi ya bunga. Kwetu, bamama ya zamani balikuwa banajua mwizi wa mafuta namna ile. Nikachukua bunga ya mahindi, ile laini kabisa, nikapuliza kidogo juu ya buton kubwa, kidogo ku telekomande, na kidogo ku kanape ya bageni, ku mikono yake na pa kukalia. Nikaenda soko. Ile siku niliuzisha ndagala bila kuona nani anachukua. Bezi yote ya Likasi balikula kwangu.

Narudia. Ku buton, bunga iko na alama ya vidole. Tatu kamili na moja fupi. Kile kifupi nakijua, ni cha bwana yangu, mashini ya usine ilimukulaka kipande ya kidole ku ujana. Ku telekomande, kile kile kifupi. Ku kanape ya bageni, bunga iko sawa niliiweka. Safi. Hakuna matako yenye yalifika pale.

Muntu mwingine angefurahi. Miye nilikasirika mara mbili. Nikamuambia yaya: unaona? Yule bibi hagusi ata kintu! Hafinye, hazungushe! Bwana yangu njo anamuzungushia! Na hakai, anasimama, juu alionywa kama niko na akili! Yaya akasema, “Yule ni mukali. Ule wa kwangu alikuwa anaachaka nywele.”

Basi asubuhi moja nikafanya kama naenda soko. Nilifika ku kona, nikaachia mwenzangu ndagala, nikarudia kwa njia ya nyuma, ya jikoni. Mbele ya kufika ku kiwanja nikaanza kusikia kintu. Tshhhhh. Kimya. Tshhhhh. Kimya. Roho yangu ikafa. Ile ni mafuta. Kuna muntu anakaanga samaki mu jikoni yangu! Yaya alisema, bado jikoni tu!

Nikafungua mulango. Jikoni baridi. Masufuria yangu iko mahali yake, inaniangalia. Tshhhhh inatoka mu salon. Nikakamata mwiko ya bukari, ile kubwa ya sikukuu, nikaingia.

Bwana yangu alikuwa peke yake mu fotey yake, mu kaputula, macho imefungwa, na kidole imenyooshwa sawa polisi wa barabara. Bafle ya mbele kushoto ikasema tshhhhh. Yeye akaonyesha kuume. Kimya. Bafle ya nyuma kushoto ikasema tshhhhh. Akawaza, akaonyesha kuume. Akafungua macho, akaangalia ku ampli kwenye inaandika, akapiga paja na hasira: “Tena!” Akafunga macho.

Niliangalia nyuma ya pazia. Niliangalia chini ya kanape. Nilifungua mpaka kisanduku ya sauti ya tumbo, juu mule bibi wa kadogo anaweza kuingia. Na yeye hakusikia kintu. Nilikuwa natembea pale, kushoto yake, karibu hivi naweza kumutosha unywele, nakokota mwiko ku simenti, na yeye anaendelea kuonyesha kuume sawa nabii mulevi.

“Baba!”

Kimya.

“Baba weye!”

Kimya. Nikamuguza bega na mwiko. Aliruka, miye nikaruka, telekomande ikaruka, na ikianguka ikafinya ile ya kukata sauti. Kila kintu ikanyamaza.

“Uliingia wapi?” akauliza.

“Kwetu nyumbani, ku mulango. Na yule bibi alitokea wapi?”

“Bibi gani?”

“Mwenye unapelekeaka sauti ku kanape!”

Aliniangalia, akaangalia kanape, akaangalia mwiko. Kisha akakaa chini polepole.

“Hakuna bibi, mama. Ni sikio. Hii ya kushoto ilikufa. Mashini iliikula, sawa kidole. Nikitia sauti yote kuume, njo nasikia tele vizuri.” Akaokota telekomande. “Ku usine banganga ya hospitali banakuya kupima masikio. Nikikosa, batanitosha ku mashini. Nikasema nitajifunza. Hii ampli iko na jinsi ya kupima bafle yake, inapiga moja moja, inazunguka. Nikiweza kujua inatoka wapi, munganga hataona.”

Maneno ilikuwa muzuri. Muzuri kupita kipimo. Muntu wa ndagala, akisikia maneno muzuri vile, anaficha kikapo.

“Vizuri,” nikasema. “Funga macho.”

“Mama, miye siko mwizi.”

“Funga.”

Nikachukua kitambaa ya fotey, nikamufunga nayo macho, fundo mbili. Nikafinya telekomande. Tshhhhh, mbele kuume. Akaonyesha kuume. Muzuri. Tshhhhh, mbele kushoto. Akaonyesha kuume. Tshhhhh, nyuma kushoto. Akaonyesha kuume, tena na nguvu, sawa muntu mwenye anajua. Kwake dunia yote ilikuwa imehamia kuume.

Lakini miye sikuridhika. Kuonyesha vibaya, ata mwizi anaweza. Nikainama ku sikio yake ya kushoto, bafle bado inapiga, nikasema polepole, na sauti ya asali: “Yule mama wa pombe iko ku mulango. Amevaa kanga mupya. Anasema bibi yako ametoka, aingie?”

Niliangalia mikono yake. Miye naangaliaka mikono. Muntu anaweza kufunga uso, anaweza kufunga kinywa, lakini vidole haijue kudanganya. Vidole yake ililala juu ya magoti, mizima na kile kifupi, haikutikisika ata kidogo. Alikuwa anangojea tshhhhh ingine. Amenyoosha shingo sawa mutoto mwenye anangojea kuitwa ku masomo.

Mwiko ikanikuwa nzito. Nikaiweka chini. Nikafungua kitambaa.

“Nilipata ngapi?” akauliza.

“Ya kushoto, ulikosa yote.”

Nikaenda kukaa ku kanape ya bageni, kuume yake. Mara ya kwanza tangu tulipata ile kanape. Ilikuwa ngumu sawa benchi ya kanisa, nikahurumia bageni.

“Utamuambia munganga ukweli,” nikasema. “Ukibakia ku mashini itakula na hii ingine. Kisha utanisikia na nini? Na magoti?”

“Kukusikia si njo shida,” akasema, na kidogo akacheka. Kisha akaacha kucheka. Aligeuza kichwa yote, ile sikio muzima ikaniangalia sawa jicho. “Na weye sasa. Miye pia niko na swali. Nani anakuyaka hapa wakati miye niko ku kazi?”

“Nini?”

“Miye naacha sauti juu. Narudia, iko chini kabisa, kumi na mbili. Naacha ku tele, naikuta ku radio. Kila mara! Nikasema, kuna mwanaume mu hii nyumba, na ule mwanaume iko na masikio mazima.”

“Weye! Ni miye!”

“Nilijua vile sasa? Nikaanza kuweka kijiti ya kibiriti chini ya telekomande, nione kama inatikiswa. Inatikiswa! Na siku moja naikuta imepakwa bunga. Nikasema, aye, na ni mukate anamupikia!”

Nilicheka mpaka machozi, mpaka jirani akapiga ku ukuta. Lakini yeye alikuwa ananiangalia mikono. Alijifunzia wapi ile, sijue.

Alienda kwa munganga. Nilimusindikiza mpaka ku barrière ya usine, kuume yake, na sikurudia soko mpaka nilimuona ameingia kweli mu mulango ya munganga. Alisema ukweli, ao alisema nusu, miye sikukuwa ndani. Balimutosha ku mashini, bakamutia ku depo ya mifuko. Analalamika. Anasema kule ni kimya sana, anasikia tumbo yake inamutukana.

Sauti ku nyumba imebakia kuume, na fotey yangu nayo niliihamisha kuume. Kanape ya bageni ilienda kushoto. Bageni banakuya, banakaa, banaona midomo ya bantu ku tele inatembea, hawasikie vizuri. Yaya yangu alikaa pale siku moja, akasimama na Biblia yake: “Pepo haikutoka! Imekula nusu ya sauti!” Akatafuta chupa. Niliificha.

Miye ningali nazima vile vile: kumi na mbili, radio, taa nyekundu. Na bunga, naweka kidogo tu ku buton, si kwa ubaya, ni kwa kujua. Nikiinua telekomande, nakuta kijiti yake ya kibiriti chini. Naitosha, nasikiliza matangazo yangu ya bantu benye balikufa, na nikimaliza naipangusa, naipanga tena mahali yake, kichwa yake inaangalia ukuta, sawasawa namna aliiacha. Juzi yeye alikuwa wa kwanza kufika ku nyumba. Nilikuta bunga ku buton haina ata alama, laini, imepulizwa muzuri kupita namna miye naipulizaka.

Na tele ilikuwa ingali moto.